Nilimwonya Mtani Wangu kwa Mzaha, Akauza Shamba Lenye Kaburi

Msinitafutie udhuru, ndugu zangu. Nimeshautafuta mwenyewe mpaka nimechoka. Kosa ni langu, nililifanya mchana kweupe mbele za watu, huku wao wakinicheka na mimi nikicheka nao.

Mwenzenu nina duka la vifaa vya umeme na kompyuta hapa Kanyenye, Tabora mjini. Kabila langu Mzaramo, ingawa pwani yenyewe nimeiona kwa nadra. Babu yangu alikuja huku kibiashara, akaoa, akazikwa huku huku. Kwa hiyo nimezaliwa na kukulia katikati ya watani zangu Wanyamwezi.

Wanaoujua utani wetu wanaujua. Ulitoka kwenye misafara ya zamani, wao wakibeba mizigo kwenda pwani, wakifika kwetu tunagombana, tunapatana, mpaka ikawa udugu wa matusi. Mtani anakuvua kofia, anaingia jikoni kwako anafunua sufuria, anakutukana wewe na ukoo wako, na huruhusiwi kununa. Ukinuna umekosa wewe!

Mtani wangu mkubwa ni mwanamke ambaye hapa nitamwita Nyamizi, si jina lake. Mkulima wa tumbaku wa Usoke, Mmoraviani, mwimba kwaya, na mdomo anao! Mumewe alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa shule. Mimi nikimwona tu Nyamizi naanza: "We mpagazi, mzigo wa watu umeutupa wapi?" Naye hachelewi: "Nimeutua ili nikubebe wewe, mtumwa wangu, maana miguu ya pwani haijui kutembea." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Sikumbuki hata siku moja aliyoniamkia kwa adabu.

Mumewe alipofariki alizikwa shambani kwao. Mimi kama mtani nikaingia kaburini kabla ya jeneza, nikalala chali, nikakataa kutoka. "Huyu kafa na kuku wangu! Hazikwi mtu hapa mpaka kuku wangu apatikane!" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao mashavuni. Nyamizi mwenyewe akaja mpaka ukingoni, macho yamemvimba, akanirushia donge la udongo. "Toka humo mtumwa, unamchafulia mume wangu kitanda!" Baadaye aliniambia kwamba ni pale alipocheka ndipo alipojua ataweza kuendelea kuishi.

Likumbukeni kaburi hilo, maana ndilo lililokuja kuniumbua.

Akabaki na tumbaku peke yake. Sijui kama mnaijua kazi ya tumbaku. Ukishalima na kuchuma, unayapanga majani kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia, unachochea kuni chini yake siku nzima, na moshi wote unakuwa halali yako. Kifua kikaanza kumsumbua. Hospitali wakamwambia moshi basi, mama, la sivyo hatutakusaidia.

Akaja dukani kwangu, akakaa juu ya kaunta kama kawaida yake. "Mtumwa," akasema, "nitafutie pesa isiyokuwa na moshi."

Na mimi nikamtajia hisa. Mimi, si mtu mwingine!

Wakati ule kampuni mbili za intaneti zilikuwa zinauza hisa zake kwa wananchi. Sizitaji. Moja nitaiita Shaba, kwa kuwa intaneti yake ilipita kwenye nyaya za shaba, zile za televisheni ya kebo zilizoning'inia kwenye nguzo za mitaa miaka nenda rudi. Mteja anapewa modemu, kile kiboksi chenye vitaa, kinaunganishwa na waya uleule unaoleta picha kwenye televisheni. Ya pili nitaiita Faiba. Hiyo ilikuwa inachimba mitaro na kulaza nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga mpaka mlangoni kwa mteja.

"Nieleze," Nyamizi akasema, "kama unamweleza mtu mwenye akili kukuzidi."

Nikamweleza. Shaba nyaya inazo tayari, haichimbi, haina mzigo mkubwa wa madeni. Na inaleta modemu ya aina mpya ambayo itatoa kasi karibu sawa na Faiba kwenye waya uleule wa zamani. Unabadilisha kiboksi, kazi imekwisha! Faida inakuja mapema, gawio la wenye hisa linakuja mapema. Faiba je? Wanachimba barabara yote, wamekopa mpaka kooni, wateja bado wachache. Gawio lao labda wale wajukuu.

Mwanamke yule hakuwa mjinga. Alikuwa akija mjini kila baada ya muda, na kila akija ana swali jipya.

"Huo waya wa shaba, mmoja unalisha mtaa mzima?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mpira ukianza, mtaa mzima unakinga maji bomba moja?"

"Modemu mpya imelimaliza hilo," nikamjibu. Kwenye vipeperushi vyao ndivyo walivyoandika.

"Na radi?"

Wanaokaa Tabora wanajua mvua zetu zinavyoanza. Radi ikipiga hapa mtu anazima kila kitu na kukaa katikati ya chumba. Shaba inapitisha umeme, kioo hakipitishi. Nyuma ya duka langu nilikuwa na kreti limejaa modemu zilizoungua, kila msimu wa mvua lilikuwa linajaa, na kila lilipojaa nililifunika kwa turubai.

"Kuna kifaa cha kuzuia radi," nikamwambia. Kipo kweli. Ila hakizuii kitu.

Kwa nini sikumwonyesha lile kreti? Nitasema, maana nimeamua kusema. Mimi nilikuwa wakala wa Shaba. Waliniahidi kwamba nikihamasisha watu wa huku wanunue hisa kwa wingi, modemu mpya zikija nitakuwa msambazaji wao pekee kanda nzima ya magharibi. Nilishaanza kuchagua rangi ya bango! Nilishawashawishi nusu ya majirani zangu wa Kanyenye. Kila aliyenipa mkono nilimwambia Shaba, Shaba, Shaba.

Nyamizi akapiga hesabu zake, akaamua kuuza shamba. Mnunuzi alipatikana, mkulima mmoja kutoka Usinge aliyekuwa anatafuta ardhi karibu na reli. Alikubali kwamba kaburi halitaguswa. Lakini shemeji yake Nyamizi, kaka wa marehemu, Mzee Maganga, akagoma kutoa idhini. Ardhi ya ukoo haiuzwi na mtu mmoja. Wakaitisha kikao cha familia, Jumapili baada ya ibada, na mimi nikaalikwa.

Sasa sikilizeni. Siku chache kabla ya kikao, fundi mmoja wa Shaba, jamaa yangu wa Dar, alinipigia simu. Sauti ameishusha.

"Kaka, ile modemu mpya isahau. Kiwanda kinachoitengeneza kimeachana nayo, wenyewe wamehamia kwenye faiba. Na hata ingekuja, nyaya zetu haziiwezi, maungio yote yameingia maji. Wakubwa wanajua. Wanasubiri tu hisa ziishe kuuzwa."

Nilikaa kwenye kiti. Mteja akaingia kuuliza betri, nikamwambia hakuna, na betri zimejaa mbele yake.

Nilijua nifanye nini. Nipande basi niende Usoke, nimwambie Nyamizi acha. Jambo la asubuhi moja! Lakini nikimwambia Nyamizi, habari itarudi Kanyenye kabla yangu. Wote niliowauzia maneno watanivamia. Shaba watanifuta uwakala. Bango langu limekwisha kabla halijapakwa rangi. Nikajiambia, labda fundi kakosea. Nikajiambia, labda kikao kitavunjika chenyewe na Mzee Maganga atakataa, na mimi nitakuwa nimeokoka bila kufungua kinywa.

Jumapili ikafika. Tulikaa uani kwa Nyamizi, wali na kuku wamepikwa, watoto wamefukuzwa. Kutoka nilipokaa nililiona kaburi la rafiki yangu kule shambani, limepakwa chokaa.

Mzee Maganga akasimama. Mtu mpole, haongei sana.

"Mimi shamba alilolala mdogo wangu siliuzi kwa maneno ya redio," akasema. "Lakini mtani wetu yupo hapa, na vitu hivi ndiyo kazi yake. Aseme yeye. Akisema hizo hisa ni salama, naweka sahihi sasa hivi. Akisema si salama, shamba haliuzwi. Mimi namalizia hapo."

Jamani! Wote wakanigeukia. Nyamizi ananiangalia anatabasamu, ananiamini kama alivyoniamini siku zote.

Ukweli nilikuwa nao mdomoni. Uongo nao nilikuwa nao, lakini kwa kaburi lile kunitazama sikuweza kuutoa. Ndipo shetani akanionyesha njia ya tatu, na nikaiona nzuri!

Niliinuka, nikamvua Mzee Maganga kofia yake, nikaivaa upande, nikapanda juu ya kigoda.

"Nyie wapagazi nyie!" nikapayuka. "Nunueni! Nunueni mbebe mzigo mpaka mkome! Modemu zenyewe zinaungua na radi kama mahindi ya kuchoma! Kiwanda kimeacha kuzitengeneza! Nyaya zimejaa maji kama tumbo la mlevi! Uzeni shamba, mje Kanyenye niwaajiri mnifulie!"

Ua mzima ukalipuka. Wanawake walikuwa wanashikana mabega. Mwanakwaya mmoja alipaliwa na wali ikabidi apigwe mgongoni. Na kila neno nililolitamka lilikuwa kweli tupu!

Mzee Maganga alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. "Mnamsikia? Mtani akikitukana kitu namna hii, ujue kizuri. Anataka akinunue peke yake, mwizi huyu!" Wakacheka tena.

Nyamizi alicheka na wenzake. Kisha akaacha kucheka. Alikuja na sahani mkononi mpaka pale kwenye kigoda, akasimama karibu yangu kabisa, akashusha sauti ili wengine wasisikie.

"We. Unatania au unasema?"

Hapo, ndugu zangu. Hapo hapo! Hakuna aliyekuwa ananishika ulimi. Neno moja tu, "nasema," na leo nisingekuwa naandika haya.

"Sasa mtani wako asipotania," nikamjibu, "atafanya kazi gani?"

Alinitazama usoni. Mimi nikamkonyeza. Akacheka, akaipiga kofi ile kofia kichwani kwangu mpaka ikaanguka, akaenda ndani kuleta kalamu. Mzee Maganga akaweka sahihi.

Mnajua nilirudije mjini? Nilirudi najipongeza! Kwenye basi nilikuwa najiambia, nimesema, kila kitu nimesema, mashahidi wapo uani wote. Mambo yakienda vizuri, nilikuwa natania. Yakienda vibaya, niliwaonya wenyewe wakacheka. Hata nililala usingizi mzuri, mtu mbaya mimi.

Nyamizi alinunua hisa za Shaba kwa pesa yote ya shamba.

Mvua za mwanzo zikaja na radi zake. Asubuhi iliyofuata dukani kwangu kulikuwa na foleni, kila mmoja na kiboksi chake kinanuka kuungua. Nikawapigia Shaba waniletee modemu nyingine, hawapokei. Mwisho wakatoa tangazo kwamba mradi wa modemu mpya umesitishwa, na huduma Tabora inasimama kwa muda. Muda huo mpaka leo haujaisha. Hisa zikaporomoka. Ukitaka kuuza, hakuna wa kununua hata umpe kwa kumbembeleza. Na ile Faiba niliyoicheka ikafika Kanyenye, ikapita mbele ya duka langu, na waliochimba mtaro waliniomba maji ya kunywa.

Majirani walinijia juu, walinitukana, wengine hatusalimiani. Hilo nililistahili na sililalamikii. Kilichoniua ni Nyamizi. Hakuja. Hakupiga simu. Sikusikia tusi hata moja kutoka Usoke.

Ikabidi niende mimi.

Nilimkuta stesheni ya Usoke. Amepanga chumba karibu na hapo, anakaanga vitumbua na kuwauzia wasafiri. Mafiga matatu, kuni mbichi, na yeye ameinama juu yake anakohoa. Moshi uleule! Mwanamke alikuja kwangu kutafuta pesa isiyo na moshi, na mimi ndiye niliyemrudisha kwenye moshi, safari hii bila shamba.

Aliniona, akageuza vitumbua vyake, akasema anakwenda kufagia kaburi. Nikamfuata nyuma kama mbuzi. Kule shambani kumewekwa wigo wa miba na lango la mabanzi. Nyamizi akasimama langoni na ufagio wake.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Akasubiri. Akapiga hodi tena. Mke wa mnunuzi akatoka, mama mwenye heshima zake, akamfungulia na kumkaribisha. Nyamizi akasema asante. Wallahi, nilitamani ardhi inimeze. Anapiga hodi kwenda kwa mumewe!

"Mpagazi," nikaanza kwa mazoea.

Alikuwa anafagia majani.

"Nimekuja kukwambia... siku ile nilikuwa nasema kweli. Kila neno lilikuwa kweli."

"Najua. Radi ya kwanza ilipopiga niliyakumbuka maneno yako. Radi umeitaja. Kiwanda umekitaja. Maji umeyataja. Nikasema, kumbe alikuwa anajua!"

"Nisamehe."

Aliweka ufagio chini. "Nilikuuliza. Nilikufuata kwa miguu yangu nikakuuliza, unatania au unasema. Ungenidanganya macho makavu, ningejua wewe ni mwongo, yakaisha. Lakini wewe ulichukua utani wetu, ule ulionitoa machozi hapa hapa, ukajifunika nao. Sasa siku nyingine ukinichekesha, mimi nitajuaje?"

Niliinama, nikaokota majani yaliyobaki juu ya kaburi.

"Haya, bwana," akasema. "Safari njema."

Bwana! Miaka yote ile ya mtumwa, Mzaramo mbovu, mvivu wa pwani, leo bwana.

Niliuza bidhaa nilizoweza nikampelekea fedha. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Nashukuru sana, bwana, Mungu akuongezee." Afadhali angenimwagia mafuta ya moto.

Juzi juzi mama yangu mzazi amefariki. Msiba wa Mzaramo ndani ya Tabora, mnadhani watani wanauacha? Walikuja. Na kwa desturi, jeneza linapotolewa mlangoni watani wanaziba njia, wanadai vyao, mnagombana, mnacheka, ndiyo mnapita. Wote walijua kazi hiyo ni ya Nyamizi. Mama alimpenda, na yeye ndiye aliyekuwa akimwibia mama ugoro kila akija mjini. Na alikuwepo! Amejifunga khanga, amesimama pale pale mlangoni.

Tulipofika na jeneza tukapunguza mwendo. Wanawake wakaanza kutabasamu mapema. Watani wengine wakarudi nyuma wamwachie nafasi. Mimi nilikuwa nimeshika mbele, namwangalia, naomba kimoyomoyo: ziba, ziba njia, nitukane, sema mama yangu hatoki humu.

Nyamizi akasogea pembeni.

"Piteni," akasema. "Pole sana, bwana."

Tukapita. Hakuna aliyecheka, na wale watani wengine nao wakanyamaza. Mama yangu alitoka kwake kimya kama mtu asiyekuwa na watu.

Ndugu zangu, anayekwambia nunua hisa hizi usinunue zile, muulize kwanza yeye anapata nini ukinunua. Mwambie akuonyeshe na kile alichofunika turubai. Na wewe unayeombwa ushauri, mwogope Mungu. Ukijua, sema kwa sauti ya kusema. Usiuvishe ukweli kofia ya mtu ili ukipita watu wacheke. Mtu akikusogelea akashusha sauti akakuuliza, mjibu.

Nyamizi, najua stesheni watu hufungia vitumbua magazeti, huenda hili likapita mikononi mwako. Uliniuliza na sikukujibu. Leo nakujibu: nasema. Sitanii.